Isipokuwa

Dirisha langu ni la tatu, baada ya lile la vitambulisho vilivyopotea.
Feni imekufa tangu Pasaka.
Ukichungulia kwa upande, kati ya ukuta na tangi la maji,
unaona kipande cha ziwa, upana wa kiganja,
na jiwe lililokaa juu ya jiwe
kana kwamba halijawahi kuambiwa habari za kuanguka.

Akaingia Nyanzobe, muuza mabondo wa Kirumba,
mikono inanuka chumvi na sabuni iliyoshindwa.
Akaweka pochi juu ya meza. "Nataka rivolva.
Ile fupi, ya risasi sita. Bei nimeshauliza."

Nikafungua kanuni. Kitabu kimeshonwa kwa uzi wa gunia.
Nikamsomea kama ninavyowasomea wote, bila kupumua:
hairuhusiwi mtu yeyote kununua, kuuziwa wala kupewa
bastola ya silinda yenye mtutu mfupi kuliko kipimo cha jedwali,
isipokuwa

"Hapo," akasema. "Simama hapo hapo. Isipokuwa nani?"

Isipokuwa askari, kwa barua ya mkuu wake.
Isipokuwa mlenga shabaha mwenye cheti cha klabu.
(Klabu iko wapi? Imeandikwa tu, mama.)
Isipokuwa silaha kongwe, ambayo risasi zake hazitengenezwi tena popote,
ya kutazamwa ndani ya kabati la kioo.
Isipokuwa mrithi, endapo marehemu aliimiliki kihalali
na mirathi imepita mahakamani.

Akacheka kwa pua.
"Luhende aliniachia injini ya mtumbwi, ya kumi na tano,
na deni la nyavu.
Kumbe angeniachia bastola
leo ningekuwa mtu wa kifungu."

Nilitaka ajue sheria haikutungwa kwa ubaya.
Nayajua mafaili yaliyo nyuma ya kiti changu:
mtoto wa Igoma aliyedhani ni ya maji,
mume aliyerudi mapema,
mlinzi wa baa aliyesahau kwamba imebaki moja ndani.
Kila karatasi ya njano ni nyumba iliyopungua mtu.
Kilicho kidogo hufichika, ndiyo maana kidogo kikakatazwa.
Nikayasema yote hayo, na yote ni kweli.
Alinisikiliza kama mtu aliyejibanza barazani
akingoja mvua ipite ndipo aendelee na safari.

"Waliokuja Jumanne," akasema,
"walivunja mlango kwa jiwe la kusagia la jirani yangu.
Mmoja alikuwa nayo. Fupi, hivi."
Akapima kwa kidole juu ya kiganja.
"Yeye alipita kwenye isipokuwa ipi?"

Nje, mtu alikuwa akibishania bei ya picha za pasipoti.
Nilimsikiliza huyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kisha nikampa fomu, kwa kuwa fomu hanyimwi mtu.
Aliandika polepole, kwa herufi za mtu
aliyetolewa shule akiwa bado anaipenda.
Jina. Kata. Kazi.
Kidole gumba kilikataa kutoa mistari. Tulijaribu mara tatu:
chumvi ilishaila alama yake, limebaki doa tu, jeusi, laini.
Na penye Sababu, panapotakiwa nambari, moja hadi tisa,
akaandika: Nimechoka kulala na viatu.

Hakuna nambari ya hiyo.
Jioni, ofisi ikiwa imefungwa, nilirudi kwenye jedwali
nikapitisha kidole mstari kwa mstari.
Mimi nalala peku. Nyumba za serikali, lango lina mlinzi.

Lakini saa ile, yeye akiwa amesimama mbele yangu,
niligonga mhuri: IMEPOKELEWA.
Akautazama wino mpaka ukakauka.
Akauliza kama hiyo ndiyo ndiyo.
Nikamwambia, hapana, mama. Hiyo ni tarehe.